Kadi Kutoka Wodi ya Watoto

Leo tuzungumze juu ya mtoto mgonjwa na kalamu zake za rangi.

Mtoto wa huku Tana River akilazwa Ngao au Hola, siku zake hupita katika kupokea. Hupokea dawa, sindano, uji, na pole za wageni. Hana lake la kutoa. Nasi twaona ndivyo ilivyo, maana ni mgonjwa, tena ni mtoto.

Lakini mwaka 1949 msichana wa miaka 7 huko Chekoslovakia, Jitka Samkova, alichora picha ya kulishukuru shirika la UNICEF kwa msaada uliofika kijijini kwao baada ya vita. Karatasi ilikuwa haba, akachora juu ya kioo: watoto wanacheza wakiuzunguka mlingoti uliopambwa. Picha hiyo ikawa kadi ya kwanza ya UNICEF. Yeye hakuwa mgonjwa. Ila mwaka 1973, katika hospitali ya saratani ya M. D. Anderson mjini Houston, Marekani, mchoro wa mtoto aliyekuwa akitibiwa uligeuzwa kadi ya Krismasi, zikafuata nyingine nyingi, na fedha zikawasaidia watoto wagonjwa.

Kazi yenyewe si ngumu. Mtoto hupewa karatasi nyeupe nene, achore apendalo: mtumbwi, mwembe, ng'ombe wa Waorma, kiboko. Mkubwa asimsahihishie, kiboko mwenye miguu sita naye hununuliwa, pengine upesi zaidi. Rangi ziwe nzito, maana hafifu hupotea katika kupiga chapa. Ndani ya kadi huachwa wazi, ili mmoja aandike salamu za Krismasi na mwingine za Idi. Hapa Garsen twazihitaji zote mbili. Mchoro wenyewe humrudia mtoto.

Yako mambo tunayoyashikilia sana. Mzazi aulizwe kwanza, na mtoto naye, wakikataa, basi. Tena ugonjwa wa mtoto usiandikwe kwenye kadi. Wako wasemao kwamba huruma huuza. Kweli huuza, lakini mtoto huyo akipona atarudi shuleni, na wenzake watakuwa wamekwisha kuusoma ugonjwa wake. Jina moja na umri vyatosha.

Na hesabu ya fedha ibandikwe ukutani mwa wodi, mahali ambapo mama anayemuuguza mwanawe aweza kuisoma: kadi ngapi zimeuzwa, na kimenunuliwa nini.