Kidonge cha Kisukari na Mishipa ya Moyo

Mgonjwa wa kisukari akirejea kutoka kliniki, swali la kwanza analoulizwa nyumbani ni hili: sukari imesoma ngapi? Ni nadra kuulizwa habari za moyo wake, ilhali maradhi ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayoongoza kwa kuwafisha wenye kisukari cha aina ya pili.

Sukari inayodumu juu, ikishirikiana na shinikizo la damu na mafuta, huziharibu kuta za ndani za mishipa inayoulisha moyo. Mafuta hujikusanya hapo na njia ya damu ikasonga. Na kwa kuwa kisukari hudhoofisha neva pia, mgonjwa aweza kupatwa na shambulio la moyo asihisi maumivu ya kifua. Huona uchovu, jasho au pumzi kubana, na jamaa wakamwambia ni mavune tu.

Je, kushusha sukari kunatosha kuulinda moyo? Mwaka 1998 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionesha kwamba wagonjwa wanene waliopewa metfomini walipata mashambulio ya moyo pungufu kwa asilimia 39 kuliko waliotegemea zaidi masharti ya chakula. Hicho ndicho kidonge cha bei nafuu ambacho baadhi ya wazee wetu hukiacha kwa sababu ya kusumbuliwa na tumbo. (Aghalabu usumbufu huo hupungua kikimezwa pamoja na chakula.) Kinyume chake ni rosiglitazoni: iliishusha sukari barabara, lakini mwaka 2007 uchambuzi uliofanywa Marekani uliihusisha na ongezeko la mashambulio ya moyo, na mwaka 2010 Ulaya ikaisimamisha. Ndipo dawa mpya zikatakiwa zipimwe usalama wake kwa moyo, na mwaka 2015 ikabainika kuwa empaglifozini, inayoitoa sukari kwa njia ya mkojo, ilipunguza vifo vya maradhi ya moyo na mishipa kwa asilimia 38 miongoni mwa wagonjwa waliokwisha kuwa na maradhi hayo.

Kwa hiyo hatuoni uzito wa hoja ya anayeacha vidonge kwa kuwa kipimo cha leo ni kizuri, wala ya anayevibadilisha kwa unga wa mitishamba uuzwao nje ya misikiti baada ya Swala ya Ijumaa. Wapo wanaosema wametawakali. Lakini kutawakali hakumzuii mja kushika sababu.

Ramadhani ina hesabu yake. Glibenklamaidi yaweza kuishusha sukari mno kwa mfungaji, na empaglifozini huzidisha kupotea kwa maji mwilini. Kubadilisha saa au kipimo ni kazi ya daktari, na ruhusa ya mgonjwa kula ni hukumu ya sheria, si udhaifu wa imani. Safari hiyo ya kliniki ifanywe Shaabani ikiwa changa, na dawa zote, hata zile za shinikizo na za mafuta, zibebwe katika mfuko mmoja ili daktari azione pamoja.