Mtoto Apona Homa, Kisha Arudi Tena

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Busia, akiisha kuuacha mji nyuma yake, hufika Kisian, mahali ambapo njia ya Bondo huchepuka kufuata upande wa ziwa. Zamani wageni walipajua kwa stesheni ya reli iendayo Butere. Baadaye jina la Kisian lilienea mbali zaidi, kwa sababu ya kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, yaani KEMRI, ambacho tangu mwaka 1979 kilishirikiana na wataalamu wa Marekani kuchunguza mbu na malaria. Mengi yajulikanayo duniani juu ya chandarua chenye dawa yalitoka katika vijiji vya pwani hii ya ziwa, hasa Asembo, ambako chandarua hicho kilijaribiwa katika miaka ya 1997 hadi 1999 na kuonekana kwamba chaokoa watoto wengi.

Habari za mbu zimeandikwa sana. Leo twataka kutazama sahani.

Fikirini, wasomaji, mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili. Apelekwa zahanati ana homa. Damu yapimwa, aonekana ana malaria, apewa dawa, homa yashuka. Baada ya majuma matatu arudishwa, safari hii aharisha. Hata hajapata nguvu, kikohozi chamshika kifua. Kila mara dawa aliyopewa ilikuwa ya haki. Mganga hakukosea, wala mama hakuchelewa. Ila hapana mtu aliyeuliza mtoto huyu hula nini. Asubuhi hunywa uji mwepesi wa mahindi meupe uliotiwa sukari. Mchana hupewa ugali uliochovywa katika mchuzi. Jioni ni uji tena, na usiku hulala. Tumbo limeshiba, mwili una njaa.

Mwili hauwezi kupigana na ugonjwa pasipo akiba. Protini huujenga, madini ya chuma hutengeneza damu, na vitamini A huyalinda macho pamoja na ngozi laini ya ndani ya mapafu na matumbo, ambayo ndiyo ukuta wa kwanza wa kuzuia vijidudu. Na ugonjwa nao haukai bure. Malaria huvunja chembe za damu, minyoo ya safura huinyonya, na kuhara hukimwaga nje kile kidogo kilichokwisha kuingia. Basi mtoto aliyeugua huwa dhaifu, na aliye dhaifu huugua upesi, ndipo mama huonekana zahanati kila mwezi. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba karibu nusu ya vifo vyote vya watoto wasiotimiza miaka 5 vina uhusiano na utapiamlo. Lakini katika daftari la hospitali huandikwa malaria, au kichomi, au kuhara. Njaa haitajwi.

Wazee wetu huku Nyanza, walipoona mtoto amekonda kupita kiasi, walinong'ona habari za chira, yaani kwamba mwiko fulani wa nyumbani umevunjwa. Tusiwacheke. Madaktari nao walipapasa gizani miaka mingi. Mwaka 1935 daktari mmoja bibi, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana, aliandika habari za watoto waliovimba miguu, wenye nywele zilizopauka na ngozi inayobambuka. Akautaja ugonjwa kwa jina walilolitumia akina mama wa kabila la Ga, kwashiorkor, nasi twauita kwashiakoo. Maana yake ni ugonjwa ampatao mtoto aliyeachishwa titi wakati mdogo wake azaliwapo. Akina mama wale walikuwa wamekwisha kuitia sababu ndani ya jina, huku madaktari wakubwa wa Uingereza wakibisha kwamba ni ugonjwa mwingine uliojulikana zamani. Upande wetu, daktari Hugh Trowell aliufuatia ugonjwa uo huo katika Kenya, kisha katika hospitali ya Mulago, Kampala. Katika miaka ya 1960 Mulago pakafunguliwa nyumba ya Mwanamugimu, ambapo mama alikaa na mtoto wake mgonjwa na kujifunza kumpikia kwa vyakula vya shamba lake mwenyewe: ndizi au viazi, maharagwe au karanga, mboga, na samaki au maziwa kidogo. Mchanganyiko huo Waganda huuita kitobero.

Kazi ya namna hiyo siku hizi ina wenyewe, nao ni maafisa wa lishe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 iliitambua kuwa taaluma kamili, ikaiundia taasisi ya kusimamia mafunzo na usajili wao. Hata hivyo watu wengi hudhani afisa wa lishe ni mtu wa kuwashauri matajiri wenye sukari ya damu. Mtazameni afanyapo kazi katika wodi ya watoto. Ana mkanda mdogo wenye rangi tatu, aufungao katikati ya mkono wa juu wa mtoto mwenye umri wa miezi 6 hadi miaka 5. Mkono ukipungua sentimita 11.5, mkanda huonyesha nyekundu, na hiyo ni hatari kubwa. Kati ya 11.5 na 12.5 ni manjano, maana yake mtoto ameanza kuteleza.

Mtoto wa nyekundu ambaye bado ana hamu ya kula, wala hana ugonjwa mwingine mkali, aweza kutibiwa nyumbani kwa siagi ya karanga iliyochanganywa na maziwa, sukari, mafuta na vitamini, ambayo haitaki maji wala moto. Lakini aliyekataa chakula hulazwa, na hapo ndipo ujuzi unapotakiwa. Ndugu kwa huruma hutaka ashibishwe siku ile ile ya kwanza. Mwili uliozoea njaa ukijazwa chakula kwa ghafula waweza kushindwa, na moyo kusimama. Hupewa maziwa maalum, kidogo kidogo, kila baada ya saa chache, mchana na usiku, mpaka mwili uamke.

Pengine karani mmoja atauliza: kwa nini taabu hii yote? Si wagawiwe watoto wote vidonge vya madini ya chuma, yakaisha? Jambo hilo lilijaribiwa Pemba, na jibu lake lilishangaza ulimwengu. Watoto maelfu wa kisiwa kile, chenye malaria nyingi wakati huo, walipewa chuma pamoja na asidi ya foliki. Mwezi Agosti 2003 sehemu hiyo ya jaribio ilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa waliopewa vidonge walilazwa hospitali na kufa zaidi kuliko wenzao. Waliofaidika ni wale waliokuwa na upungufu wa chuma kweli, tena wakipimwa na kutibiwa malaria. Vijidudu vya malaria navyo hupenda chuma. Kumbe chandarua, dawa na sahani ni mambo ya kwenda pamoja, na yatakiwa mtu wa kuyapima.

Karibu na kwetu, katika Nyando, mwaka 2007 lilianza jaribio jingine ambalo watafiti wa KEMRI walishiriki. Katika vijiji 60, nusu yake akina mama waliuziwa vipakiti vya unga wenye vitamini na madini, wa kunyunyiziwa katika chakula cha mtoto kilichokwisha kuiva. Wauzaji walikuwa majirani zao, wanawake wa vikundi vya kijiji. Upungufu wa damu na wa vitamini A ulipungua kwa watoto wa vijiji hivyo.

Nami sioni sababu ya kungoja kipakiti mahali penye omena. Dagaa huyu huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo ana protini, chuma, zinki na chokaa ya kujenga mifupa. Lakini sehemu kubwa ya omena ya ziwa letu huenda kusagwa kuwa chakula cha kuku na mifugo, na mtoto wa mvuvi hubaki na uji mweupe. Aoshwe vema mchanga utoke, akaushwe juu ya kitanda cha waya, atwangwe, kisha kijiko kimoja kitiwe katika uji. Uji wenyewe uwe mzito, usichuruzike upesi kutoka kijikoni. Mboga zetu, osuga, dek, boo na ododo, zina vitamini A, ila yataka mafuta au maziwa ili mwili uipokee. Ndiyo maana desturi ya Wajaluo ya kutia maziwa katika mboga chungu ni desturi njema. Kuzichemsha mno kwa magadi ni kuharibu baadhi ya vitamini zake.

Katika nyumba nyingi kipande kikubwa cha samaki huwekwa mbele ya baba, na watoto hugawana mchuzi. Bwana wa nyumba aweza kulibadili jambo hilo jioni hii, bila kungoja baraza.

Mtoto anyonyeshwe tu mpaka miezi 6, kisha aongezewe chakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Matone ya vitamini A hutolewa kila miezi 6, na mwezi wa Mei na wa Novemba huwa na juma la Malezi Bora. Mchukue kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto, mfungue ukurasa wa uzito. Mstari ukipanda, vema. Ukilala miezi miwili, hata kama mtoto acheka na hana homa, muulizeni mwuguzi siku ile ile awapeleke kwa afisa wa lishe.