Kiti cha mbao mbili kwao ni huku

Anayetaka kujitengenezea kiti cha Waviking nyumbani mara nyingi huelekezwa kwenye kiti kimoja tu: mbao mbili pana, moja imetobolewa tundu, nyingine imepunguzwa upana ikaacha ulimi mrefu. Ulimi ukishapenya tunduni, mbao hupishana na kiti kimekwisha, bila gundi wala msumari. Fundi wa Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, hana sababu ya kukishangaa. Viti vya aina hiyo huchongwa Zambia, Malawi na Kongo, na kwa maoni yangu jina la Waviking limebandikwa tu.

Ushahidi uko Norwei kwenyewe. Mwaka 1904 wataalamu walifukua kaburi la Waviking la Oseberg, ambamo wanawake wawili walizikwa ndani ya merikebu mwaka 834. Udongo mzito uliziba hewa, mbao zikasalimika, kikiwamo kiti kimoja. Hicho kina umbo la sanduku, chenye miguu na mbao zilizounganishwa kwa ndimi na matundu. Hakifanani hata kidogo na mbao mbili zilizopishana. Mtu atasema mbao huoza, huenda vya mbao mbili vilikuwapo vikapotea. Ni kweli huoza, lakini kuoza hakuthibitishi kwamba kitu kilikuwapo. Na hoja hiyo inatubana hata sisi: mchwa hawatuachii kiti cha miaka elfu, kwa hiyo siwezi kudai kwamba chetu ni cha kale kiasi hicho. Ninachodai ni kwamba huku mikono inayokichonga ipo na inaonekana.

Ufundi wa kupachika mti juu ya mti, huo una ushahidi wa kale mno. Kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Zambia na Tanzania, yalipatikana magogo mawili yaliyopishana, la juu likiwa limechongwa pengo la kukalia lile la chini. Utafiti uliotangazwa mwaka 2023 uliyapa umri wa miaka 476,000 hivi. Yalisalimika kwa kuwa yalizama kwenye udongo uliolowa maji. Hayathibitishi kiti, ila yanafuta dhana kwamba akili ya kiungo lazima ije kutoka mbali.

Tena akili ya kiti cha mbao mbili si ndogo. Anayekaa huisukuma mbao ya kukalia chini, nayo huibana ile ya kuegemea; uzito ule ule ambao ungekivunja ndio unaokikaza. Ndiyo maana nyuzi za mti lazima zifuate urefu wa ulimi, maana zikikatiza, shingo yake itapasuka. Mninga, ambao Zambia huitwa mukwa, unafaa sana kwa sababu haujikunji ovyo unapokauka. Hata hivyo mbao yoyote hutanuka kwa upana masika yakifika, kwa hiyo tundu huachwa na nafasi kidogo kila upande, ulimi uingie na kutoka bila kupigwa nyundo.