Simu ya Mkononi na Tezi ya Thairoidi

Mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, ipo tezi yenye umbo la kipepeo iitwayo thairoidi. Hutumia iodini kutengeneza homoni zinazoongoza kasi ya mwili katika kutumia chakula na kutoa joto. Kwa kuwa simu ya mkononi hushikwa karibu nayo, wengi huuliza iwapo mionzi ya simu yaweza kuidhuru.

Hofu hii imetokana, kwa sehemu kubwa, na neno lenyewe "mionzi". Mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulipolipuka mwaka 1986, iodini-131 ilitawanyika hewani, ikaangukia malisho, ikaingia katika maziwa ya ng'ombe. Thairoidi haiwezi kuitofautisha iodini hiyo na ile ya kawaida, hivyo za watoto waliokunywa maziwa hayo ziliikusanya. Maelfu yao walipatwa na saratani ya tezi. Mionzi ile ilikuwa na nguvu ya kung'oa elektroni kutoka katika atomi. Mawimbi ya simu ya megahezi 900 hayana nguvu hiyo. Nishati ya fotoni yake moja ni pungufu zaidi ya mara 1,000,000. Athari yake iliyothibitishwa ni kupasha mwili joto kidogo, wala hayaachi kitu ndani ya tezi.

Hata hivyo, fizikia peke yake haimalizi hoja. Mwaka 2011 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliyaweka mawimbi haya katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani. Utafiti wa Connecticut, Marekani, uliochapishwa mwaka 2020, ulidokeza kuwa watumiaji wa simu wenye vinasaba fulani huenda wakawa na hatari zaidi ya saratani ya thairoidi. Hilo ni dokezo tu: anayechunguza vinasaba 176 kwa pamoja hakosi kukuta vichache vilivyojitokeza kwa bahati.

Na idadi ya wagonjwa inayoongezeka? Katika Korea ya Kusini, saratani hiyo iliyogunduliwa iliongezeka mara 15 kati ya 1993 na 2011, lakini vifo havikuongezeka. Vipimo vya mawimbi ya sauti vilikuwa vikifichua vivimbe vidogo ambavyo visingemdhuru mtu. Mwaka 2014 madaktari kadhaa walipinga hadharani upimaji huo wa watu wasio na dalili. Katika mwaka uliofuata, visa vilivyogunduliwa vilipungua kwa asilimia 30 hivi, na simu zikaendelea kutumika kama kawaida.