Juu ya nini malaria inakaza damu

Mama, pengine umekwisha kujiuliza: juu ya nini mtoto mwenye malaria anacheza asubuhi, na mangaribi anazimia? Sehemu moja ya jibu ilipatikana kwa nuru.

Ndani ya damu mna chembe nyekundu, ndogo sana. Tone moja lina mamilioni. Chembe nzima ni laini sawa bugali wa moto: ukiufinya, unajikunja. Inapaswa kuwa hivyo, maana mishipa mingine ni myembamba kuliko chembe yenyewe. Inajikunja, inapita, inarudia umbo lake, siku 120 hivi.

Lakini utapima namna gani ulaini wa kitu ambacho jicho halioni? Mwaka 1986, kule Marekani, Arthur Ashkin na wenzake walionyesha kwamba nuru ya leza, ikikusanywa pahali pamoja kwa lensi ya mikroskopi, inashika kitu kidogo kama koleo. Mwaka 1987 walishika mikrobu hai. Nuru yao ya kijani iliziua. Wakachagua nuru nyingine isiyoonekana kwa macho, na mikrobu zikaendelea kuzaana ndani ya mtego ule. Kwa kazi hiyo Ashkin alipewa zawadi ya Nobel mwaka 2018. Alikuwa na miaka 96!

Wengine walibandika vishanga viwili vya kioo, vidogo mno, huku na huku ya chembe moja nyekundu, wakavivuta kwa leza. Chembe nzima ilivutika. Ile yenye mdudu wa malaria kali ilikataa. Kadiri mdudu anavyokomaa, na anakomaa kwa siku mbili tu, chembe inakaza, hata mara kumi hivi. Sasa ni bugali wa jana. Tena inanata kwa ukuta wa mshipa, na njia inaziba. Ikiziba ndani ya ubongo, mtoto anakaza mwili na kutetemeka. Kwa mama mwenye mimba chembe hizo zinajaa kwenye kondo, na mtoto anazaliwa mdogo; ndiyo sababu unapewa dawa ya kuzuia malaria siku ya kupimisha mimba.

Kuona mdudu hakuombi leza: tone moja la damu ya kidole linatosha. Na dawa za sasa zinamuua angali mchanga, mbele chembe haijakaza. Basi homa ikianza usiku, mlete asubuhi, usingoje siku ya tatu. Akitetemeka mwili, akikataa ziwa, ao akilala bila kuamka, mlete usiku uleule.