Mazoezi ya Mwili na Adabu ya Kula

Napenda kuzungumza nanyi, ndugu zangu wasomaji, wazee kwa vijana, juu ya jambo ambalo wengi hulicheka, nami pia nalilicheka mpaka liliponifika. Jambo lenyewe ni njaa. Si njaa ya ukame wala ya ufukara, bali ile impatayo mtu aliyeanza kufanya mazoezi ili apunguze mwili.

Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Babati, na umri wangu umepita miaka 50. Kazi yangu ni ya kuketi. Asubuhi huketi na watoto wadogo, alasiri huketi na wakubwa, na baina ya vipindi huletewa chai. Mwili ulinenepa kidogo kidogo bila ya mimi kuona, na magoti yakaanza kuuma. Siku moja nalishindwa kuinuka kutoka katika sijda ila kwa kushika ukuta, na tangu siku ile nikawa naswali juu ya kiti. Mtoto mmoja wa madrasa, wa miaka saba, akaniuliza mbele ya wenzake: "Maalim, kwani wewe ni mzee sana?" Nalimjibu kwa mzaha, lakini neno lake lilinikaa moyoni.

Nikaenda kupimwa. Uzito ulikuwa kilo 94, na shinikizo la damu limepanda. Muuguzi akaniusia nipunguze mwili na nitembee kila siku. Basi nikaazimia. Kila baada ya Sala ya Alfajiri nalitoka nikielekea upande wa Ziwa Babati, nikifuata barabara wala si ukingo wa maji, maana viboko hutoka usiku kula majani. Nikarudi jua limekwisha kuchomoza. Ilikuwa saa nzima ya kutembea kwa haraka. Nalifurahi nafsini mwangu, nikidhani kwamba kazi imekwisha.

Baada ya miezi miwili nalipanda tena mizani. Kilo 96! Nikarudi nyumbani nikailaumu mizani. Mama watoto wangu alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema kwa upole: "Maalim, wewe huendi kutembea, wenda kuitafuta njaa. Ukirudi wala chapati mbili na supu, na chai ya vijiko vitatu vya sukari. Saa nne wataka mihogo. Zamani hukuwa ukila hivyo." Nalitaka kukasirika, lakini nikaona kwamba amesema kweli.

HESABU INAYOTUDANGANYA

Ndugu msomaji, tuitazame hesabu hii kwa uadilifu. Mtu mzito kama mimi akitembea saa nzima kwa mwendo wa haraka hutumia nguvu zipatazo kalori 300 hivi, pengine na zaidi kidogo. Chapati moja nono iliyokaangwa kwa mafuta yaweza kuwa na kadiri hiyo hiyo. Kwa hiyo kazi ya saa nzima huliwa kwa dakika tano, na chapati ya pili ni ziada juu ya ziada. Chupa ya soda ya kawaida nayo ina sukari ya vijiko vya chai saba na zaidi, na mtu huimaliza akiwa amesimama dukani, wala haihesabu kuwa ni chakula.

Wengine husema: "Watazameni wakimbiaji wa mkoa wetu, wote ni wembamba!" Ni kweli, mkoa wetu wa Manyara umebarikiwa kwa wakimbiaji. John Stephen Akhwari wa Mbulu aliimaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 hali ameumia mguu, na Gidamis Shahanga wa Hanang alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton mwaka 1978. Lakini watu hao kukimbia kulikuwa ndiyo shughuli yao, wakienda kilomita nyingi kila siku kwa miaka na miaka. Sisi twatembea saa moja, kisha twaketi saa kumi na mbili, na bado twataka kula chakula cha mkimbiaji.

Liko jambo jingine la ajabu zaidi, nalo limetoka katika mkoa huu huu. Kandokando ya Ziwa Eyasi na katika bonde la Yaeda, wilaya ya Mbulu, wanaishi ndugu zetu Wahadzabe, ambao wengi wao hupata riziki kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali. Mwaka 2012 mtaalamu wa Kimarekani Herman Pontzer na wenzake, akiwemo Profesa Audax Mabulla wa hapa Tanzania, walitangaza matokeo ya uchunguzi waliowafanyia Wahadzabe watu wazima 30. Walinyweshwa maji yaliyotiwa alama kwa njia ya kitaalamu, na mkojo wao ukapimwa kwa siku kadhaa, ili ijulikane kila mtu atumia nguvu kiasi gani kwa siku. Wanaume wao huenda kwa miguu yapata kilomita 11 kila siku, na wanawake yapata kilomita sita. Kila mtu alitazamia kwamba watakuwa wakitumia nguvu nyingi mno kuliko watu wa mijini huko Marekani na Ulaya. Lakini ukubwa wa miili ulipokwisha kutiwa katika hesabu, nguvu walizotumia zilikuwa karibu sawasawa na za hao wanaoketi ofisini!

Pontzer aeleza kwamba mwili una hekima ya kubana matumizi: ukizidishiwa kazi ya miguu, hupunguza matumizi yake mahali pengine. Ikiwa ni hivyo, mwenye kutaka kupungua kwa kutembea tu, huku mkono wake uko huru katika sahani, atachoka bure. Na hili ndilo neno langu kubwa leo: mazoezi huupa mwili afya, lakini uzito hupunguzwa hasa na sahani. Yatupasa tuyashike yote mawili.

Wala msomaji asidhani kwamba nayadharau mazoezi. Hata mtu asipopungua kilo moja, kutembea husaidia moyo, huteremsha shinikizo la damu, husaidia sukari ya mwili ikae sawa, na huleta usingizi mwema. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila juma. Na tangu Desemba 2016, Bi Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, alipozindua kampeni ya mazoezi nchini, vikundi vya mbio za asubuhi vimeonekana katika miji mingi. Hilo ni jambo la kushukuru. Linalotakiwa ni kwamba baada ya mbio, kikundi kisihamie kwenye chapati.

KWA NINI NJAA HUZIDI

Njaa haiji kwa sababu ya uroho peke yake. Tumboni hutoka kichocheo kiitwacho grelini, kilichogunduliwa na wataalamu wa Kijapani mwaka 1999, nacho huuambia ubongo kwamba wakati wa kula umefika. Katika mafuta ya mwili hutoka kingine, leptini, kilichojulikana mwaka 1994, nacho huuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mafuta yakianza kupungua, leptini hupungua pia, na ubongo hudhani kwamba baa la njaa limeingia nchini. Basi huamsha hamu ya kula, khasa vyakula vitamu na vya mafuta. Kwa hiyo mwenye kusikia njaa katika safari hii asijione kuwa ni mtu dhaifu wa imani. Njaa hiyo ni maumbile. Yatakiwa iongozwe, si kutukanwa.

Lakini yafaa tujue kwamba njaa ni mbili. Iko njaa ya tumbo, nayo huja pole pole, na mwenye kuwa nayo hukubali chakula chochote cha halali, hata maharage matupu. Na iko njaa ya macho, nayo huja ghafula, na hutaka kitu kimoja tu: sambusa ile, au andazi lile. Ya kwanza ipewe haki yake. Ya pili ipewe maji na subira ya robo saa, na mara nyingi huondoka yenyewe.

NILIYOYAFANYA NA YAKANIFAA

Kwanza, sikuongeza mlo. Nalipanga matembezi yangu yaishe wakati wa chai ya asubuhi, ili njaa inikute mbele ya chakula kile kile nilichokuwa nikila siku zote, si mbele ya chakula kipya.

Pili, nalianza na maji. Mwenye kurudi kutoka matembezini mara nyingi ana kiu, naye huidhania kuwa ni njaa. Nanywa bilauri mbili, napumzika, ndipo naketi kula.

Tatu, nalibadili chakula badala ya kukikimbia. Chapati na andazi huwahi kushibisha na huwahi kuondoka. Kunde, maharage, mayai, samaki wa ziwani na mboga za majani hukaa tumboni muda mrefu. Na sisi watu wa Babati tuna mbaazi, ambazo kama sehemu ya tano ya uzito wake zikiwa kavu ni protini. Mwaka 2017, India ilipoweka mpaka katika kununua mbaazi za nje, bei ilianguka, na wakulima wetu wengi walibaki na magunia nyumbani wakisikitika. Zao hilo twaliona ni la kuuza tu, kumbe ni dawa ya njaa iliyomo jikoni mwetu. Sasa asubuhi nala bakuli la mbaazi na kipande cha kiazi kitamu, na saa nne yanipita bila ya kukumbuka mihogo.

Nne, nalipunguza sukari ya chai, kijiko kimoja kila mwezi, mpaka ulimi ukazoea.

Tano, nalala mapema baada ya Isha. Mtu asiyelala vya kutosha huamka na njaa isiyo na sababu.

Na juu ya hayo yote ni adabu tuliyofundishwa zamani. Katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa na tumekatazwa israfu. Na hadithi mashuhuri iliyopokewa na Miqdam bin Maadikarib na kutolewa na Imam Tirmidhi yatuelekeza kwamba, ikiwa hapana budi kula zaidi ya tonge chache, basi tumbo tuligawe mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Nimeifundisha hadithi hiyo kwa watoto wa watu miaka mingi, na tumbo langu likanitangulia mlangoni. Mwenyezi Mungu atusamehe.

MANENO YA HADHARI

Enyi vijana mnaokua, haya hayawahusu ninyi kwa namna moja na sisi. Kijana atokaye kucheza mpira akasikia njaa, njaa yake ni haki, kwani mwili wake unajengwa. Mzazi asimnyime mtoto chakula kwa kuogopa unene. Ampunguzie soda na vitu vya kukaanga, amzidishie vyakula vya kujenga mwili. Na binti asijifungie na njaa ili afanane na picha alizoziona.

Wengine huuliza juu ya funga za Jumatatu na Alhamisi. Ni ibada njema, lakini nia yake ni radhi ya Mwenyezi Mungu, wala si mizani. Tena mwenye kufunga mchana kisha akafuturu kwa kujaza sinia nzima, mwili wake hautapungua. Na mwenye kutumia dawa za kisukari, au mama mjamzito, asianze kufunga wala kupunguza chakula kabla ya kumwuliza tabibu.

Umepita mwaka mmoja sasa. Mizani yasema kilo 87. Si nyingi kwa mwaka mzima, na ziko siku ambazo harakati za harusi au maulidi zimenishinda nikala nisivyopaswa. Kesho yake naliendelea, sikusema kwamba yote yameharibika. Lakini kiti nimekiacha. Nasujudu chini kama wanafunzi wangu, na nainuka bila ya kushika ukuta. Ndugu yangu uliyekata tamaa kwa kuwa ulitembea na hukupungua, nakusihi usiache kutembea. Kesho toka tena, kisha ukirudi utazame kilichomo sahanini.

Mwenyezi Mungu atupe afya ya kumwabudia, na atujaalie tule cha kututosha. Wabillahi tawfiq.