Kompyuta ikiganda, usikimbilie kuifomati

Ni saa sita usiku. Umebakisha kurasa mbili tu za ripoti ya chuo, mara laptopu yako ya mtumba inaganda. Kishale hakisongi, feni inavuma, kisha skrini inageuka bluu. Asubuhi fundi wa mtaani anakuambia, "Hiyo ni virusi, tuifomati." Ukikubali kabla ya kunakili faili zako, ripoti imeenda.

Tulia kwanza. Huenda si virusi. Huenda RAM imejaa.

Chukulia RAM kama matatu ya abiria 14. Kila programu unayofungua inakalia kiti. Viti vikiisha, Windows hufanya kama makanga anayeweka ubao katikati ya viti: huazima nafasi kwenye diski. Lakini diski ni ya polepole kuliko RAM, hasa zile za zamani zinazozunguka, ndiyo maana kila kitu kinaanza kujikokota. Diski nayo ikiwa imejaa pomoni, ubao unakosa pa kuwekwa, na programu zinaanza kujifunga. Linux ndiyo haina huruma: humshusha abiria mmoja, yaani huzima programu moja ili nyingine zipumue.

Ufanyeje? Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikifunguka, bonyeza neno Memory, na programu zinazokula RAM zaidi zitapanda juu. Mara nyingi mlafi ni kivinjari ulichofungulia kurasa 30. Zifunge. Kisha ingia Startup, uzime programu zinazojiwasha zenyewe. Futa pia filamu ulizokwisha kutazama ili diski ipate nafasi.

Je, inazima hata ukiwa na programu moja tu? Pengine RAM yenyewe imeharibika. Tafuta mdsched, ukubali kompyuta ijiwashe upya, nayo itajipima.

Kumbuka Windows 11 inadai angalau GB 4, na hizo hujaa haraka. Kabla ya kununua nyingine, jua aina yako: RAM ya DDR4 haiingii mahali pa DDR3. Kuna laptopu ambazo RAM imechomelewa kabisa, haiongezeki.

Na ikibidi uende kwa fundi, nakili kazi yako kwenye flashi kwanza. Halafu muulize, "RAM umeiangalia?"